Harmoniki hii imezaliwa wapi? Utatuzi wa matatizo ya mawimbi yasiyo ya mstari kwenye chipu za sauti

Ukishakuwa na chipu inayopitisha sauti ya mamia ya megahezi, kuona harmoniki ya pili, yaani ishara yenye masafa mara mbili ya uliyorusha, kwenye kioo cha kichanganuzi cha spektra (kifaa kinachoonyesha masafa yaliyomo ndani ya ishara) ni jambo rahisi. Ongeza nguvu, itajitokeza. Kazi iko kwenye kujua imezaliwa wapi. Amplifaya huzaa harmoniki. Kichanganuzi chenyewe huzaa harmoniki. Kiunganishi kilicholegea nacho huzaa. Na wimbi la sauti, likiwa na nguvu ya kutosha, huzaa harmoniki kwa sababu fuwele ikibanwa sana haifuati tena sheria ya Hooke, yaani mkazo haukui tena sawia na mbano: sehemu ya wimbi iliyobanwa na sehemu iliyovutwa hazisafiri kwa kasi ile ile, na umbo la wimbi huzidi kupinda kadiri linavyosonga mbele. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoitafuta, na kwenye kioo haina alama inayoitofautisha na zile nyingine.

Mwongozo huu unaanza na dalili kama unavyoziona mezani, kisha unashuka hadi kwenye chanzo.

Chipu ya mfano

Tuchukue chipu moja ya kawaida ili namba ziwe na maana. Ni kipande cha lithiamu niobeti, fuwele inayogeuza umeme kuwa mtikisiko na mtikisiko kuwa umeme, chenye mkato wa Y uliozungushwa nyuzi 128. Juu yake wimbi la uso, lile ambalo Lord Rayleigh alilieleza kihisabati mwaka 1885, husafiri kwa takriban mita 3,980 kwa sekunde. Kurusha na kupokea hufanywa na vigeuzi vya vidole: vipande vyembamba vya alumini vinavyopishana kama meno ya vitana viwili vilivyoingizana, ubunifu ambao White na Voltmer wa Berkeley waliutangaza mwaka 1965 na ambao leo umo ndani ya vichujio vya simu za mkononi. Masafa yetu ni megahezi 200. Kwa hiyo urefu wa wimbi ni karibu mikromita 20, na kila kidole, kikiwa robo ya urefu huo, kina upana wa mikromita 5. Kigeuzi kina jozi 20 za vidole, mwale wa sauti una upana wa milimita 0.4, na kutoka kigeuzi cha kurushia hadi cha kupokelea ni milimita 4.

Gawanya milimita 4 kwa kasi hiyo: sauti inahitaji mikrosekunde 1 kuvuka. Umeme huvuka umbali huo huo chini ya nanosekunde 1. Pengo hili ndilo chombo chako bora cha uchunguzi, bora kuliko kifaa chochote cha bei ghali kilichopo mezani. Kinachofika wakati ule ule uliporusha si sauti. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwa mapigo mafupi, mathalani ya nusu mikrosekunde, badala ya wimbi la mfululizo. Pigo liwe limekwisha kabla sauti yake haijafika upande wa pili.

Dalili: mchoro wa masafa una vilima vidogo vinavyojirudia

Anza hapa kabla ya kugusa nguvu kubwa. Pima umbali kati ya kilima na kilima. Ukikuta karibu megahezi 1, umeme unavuja moja kwa moja kutoka upande wa kurushia kwenda wa kupokelea na kuchanganyika na sauti iliyochelewa mikrosekunde 1. Ukikuta karibu megahezi 0.5, ni mwangwi: sauti imefika kwenye kigeuzi cha kupokelea, sehemu yake imerudi nyuma, ikagonga kigeuzi cha kurushia na kuja tena, hivyo imechelewa kwa mikrosekunde 2 zaidi ya ile ya kwanza.

Kuvuja kwa umeme kunatibiwa kwa ukanda wa metali uliounganishwa na ardhi ya umeme, uliowekwa kati ya vigeuzi viwili lakini nje ya njia ya sauti, na kwa kuhakikisha ardhi ya kila upande ina njia yake fupi. Mwangwi hupungua ukipasua kila kidole kuwa viwili vyenye upana wa mikromita 2.5, kwa sababu hapo marejesho ya kila kidole hufutana badala ya kujumlishana. Kingo za chipu nazo hurudisha sauti. Mstari wa silikoni au wa resisti ya picha (utomvu unaotumika kuchora chipu kwa mwanga) nyuma ya kila kigeuzi hunyonya sehemu kubwa.

Ukibaki na shaka, kuna kipimo cha tone. Kwa nguvu ndogo kabisa, weka tone dogo la maji katikati ya njia, mbali na vidole. Wimbi la Rayleigh hutikisa uso kwenda juu na chini, kwa hiyo likigusa maji humwagia nishati yake humo na kufa ndani ya milimita chache. Utaona kwenye oskiloskopu pigo la mikrosekunde 1 likizama huku lile la wakati sifuri likibaki pale pale bila kutikisika. Kilichobaki ni umeme. Kausha kwa naitrojeni, pigo litarudi.

Kuhusu sauti dhaifu, neno moja. Kila kigeuzi cha aina hii hurusha pande mbili, kwa hiyo hupoteza desibeli 3. Viwili, desibeli 6. Fuwele yenyewe, kwa megahezi 200, hula chini ya desibeli 0.1 kwa kila mikrosekunde. Kwa gigahezi 1 ndipo inafika kama desibeli 1. Ukiwa umepoteza desibeli 40 kwenye chipu hii, usiilaumu fuwele. Angalia vidole vilivyokatika, ulinganifu wa umeme na waya, na kama mhimili wa vidole umeendana na mhimili wa fuwele.

Dalili: harmoniki ya pili ni kubwa, tena imejitokeza mapema

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo twende taratibu.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kupima mteremko: ukiongeza ingizo kwa desibeli 1, harmoniki ya pili ipande kwa desibeli 2. Ikipanda hivyo, wengi huandika ripoti. Lakini mteremko wa 2 unathibitisha tu kwamba kuna kitu kinachofuata kipeo cha pili. Amplifaya inayoanza kuzidiwa hutoa mteremko wa 2. Kichanganuzi ambacho mchanganyishi wake, sehemu ya ndani inayopokea ishara na kubadilisha masafa yake, umelemewa hutoa mteremko wa 2. Mteremko hauwezi kukuambia mahali.

Mshukiwa wa kwanza ni upande wa kurushia. Weka kichujio cha kupitisha masafa ya chini baada ya amplifaya, kabla ya chipu, kinachokata megahezi 400 kwa desibeli 40 au zaidi. Harmoniki ikiporomoka, ilitoka kwenye amplifaya. Kumbuka pia kwamba kigeuzi cha kawaida cha vidole, kwa umbo lake, hakirushi sauti ya uso kwenye harmoniki ya pili: vidole viwili jirani vina chaji kinyume, na kwa megahezi 400 michango yao hufutana. Kwa hiyo harmoniki ya amplifaya mara nyingi huvuka chipu kama umeme na kufika wakati sifuri, ambapo pigo fupi huianika mara moja.

Mshukiwa wa pili ni mjanja zaidi, naye ni upande wa kupokelea. Sauti ya megahezi 200 inafika ikiwa safi, imechelewa mikrosekunde 1 kama inavyotakiwa, kisha amplifaya ya kupokelea au kichanganuzi ndicho kinachoikunja na kuzaa megahezi 400. Harmoniki hiyo nayo itaonekana imechelewa mikrosekunde 1. Muda pekee haumkamati huyu. Kinachomkamata ni kipunguzi, kifaa kinachodhoofisha ishara, cha desibeli 10 kilichowekwa mara tu baada ya chipu, kabla ya kitu kingine chochote. Kama harmoniki ilizaliwa ndani ya chipu, itashuka kwa desibeli 10, sawasawa na ishara kuu. Kama inazaliwa kwenye kipokezi, itashuka kwa desibeli 20, kwa sababu kipokezi sasa kinapata ingizo dogo na harmoniki yake hufuata kipeo cha pili. Fanya kipimo hiki hata kama una uhakika na vifaa vyako. Kinachukua dakika mbili.

Baada ya kuwaondoa hao wawili, ushahidi unaokata shauri ni umbali. Weka kwenye chipu moja vipokezi kadhaa vya megahezi 400, mathalani kwa milimita 1, 2 na 4. Harmoniki inayozaliwa na sauti hukua inavyosafiri: kwenye uso mtupu wa fuwele, ambako mawimbi ya masafa yote huenda kwa kasi moja, ukubwa wake hukua sawia na umbali, kwa hiyo kila unapozidisha umbali mara mbili nguvu yake hupanda desibeli 6, mradi harmoniki bado ni ndogo na upotevu ni mdogo. Hakuna amplifaya wala kebo inayojua kigeuzi chako kiko umbali gani. Kama bajeti ya barakoa, bamba lenye mchoro wa chipu, inakuruhusu kuchora kitu kimoja tu cha ziada, chora vipokezi hivi.

Dalili: harmoniki haionekani kabisa

Uliza kwanza kama kipokezi chako kinaweza kuisikia. Kigeuzi kile kile cha megahezi 200 ni kiziwi kwa megahezi 400, kwa sababu ile ile inayokifanya kisirushe. Unahitaji kigeuzi cha pili chenye vidole vya mikromita 2.5. Ni kosa la kawaida sana la usanifu, na linagunduliwa baada ya chipu kutoka kwenye chumba safi inakotengenezwa.

Pili, je, nguvu inatosha? Kadiria umbali ambao wimbi lingehitaji ili likunjike kabisa na kuwa wimbi la mshtuko: chukua urefu wa wimbi, gawanya kwa 2π, kisha kwa kipimo cha kutofuata mstari cha nyenzo, kisha kwa uwiano wa kasi ya chembe na kasi ya sauti. Tuseme chembe za uso zinatikisika kwa mita 0.4 kwa sekunde. Uwiano ni 0.0001. Tukichukua kipimo cha nyenzo kuwa 3, jibu ni kama milimita 10.6. Baada ya milimita 4, harmoniki ya pili ingekuwa karibu moja ya tano ya ukubwa wa wimbi kuu, yaani desibeli 14 hivi chini yake. Mita 0.4 kwa sekunde kwa megahezi 200 ni mtikisiko wa nanomita 0.3 tu, kiasi cha upana wa atomu moja, na bado unatosha kuikunja sauti ndani ya kipande unachoweza kukiweka juu ya ukucha. Mimi binafsi sijawahi kuizoea namba hiyo. Ukipunguza mtikisiko mara kumi, tofauti inazidi kwa desibeli 20, na hapo kelele za kipokezi zinaanza kuwa tatizo.

Tatu, na hili ndilo linalowasumbua wenye mifereji ya utando mwembamba, yaani njia nyembamba zinazoifungia sauti: fezi, yaani mpangilio wa vilele vya mawimbi mawili, hazisafiri pamoja. Kwenye uso mtupu kasi ni moja. Ukiweka tabaka la metali, au ukilifungia wimbi kwenye ukanda wa lithiamu niobeti juu ya safaya, au kwenye utando unaoning'inia, kasi hutegemea masafa. Tuseme kasi ya megahezi 400 inatofautiana na ya megahezi 200 kwa asilimia 1 tu. Harmoniki itakua kwa urefu wa mawimbi 25, yaani nusu milimita, kisha itaanza kurudisha nishati kwa wimbi kuu, na ikifika milimita 1 itakuwa imerudi sifuri. Kipokezi kilichowekwa hapo hasa hakitaona chochote, na chipu haina kosa lolote. Dalili yake ni harmoniki inayopanda na kushuka kadiri umbali unavyoongezeka, au unavyobadilisha masafa kidogo kidogo. Dawa ni kubadilisha unene au upana wa mfereji, au kutafuta modi nyingine (namna nyingine ya wimbi kutikisika) ambayo kasi yake kwenye masafa mara mbili inalingana na ya wimbi kuu.

Sababu ya mwisho ni kutawanyika kwa mwale. Mwale wenye upana wa milimita 0.4 hubaki umekusanyika kwa takriban milimita 8, upana kipeo cha pili ukigawanywa kwa urefu wa wimbi. Wenye upana wa milimita 0.1 huanza kufunguka baada ya nusu milimita. Mtu huupunguza mwale ili kuongeza nguvu kwa kila mikromita, kisha anashangaa harmoniki inakufa. Ukitaka mwale mwembamba, ufungie ndani ya mfereji.

Dalili: toni mbili zinazaa toni za pembeni

Ukirusha toni mbili zenye masafa f1 na f2 yaliyo karibu, unatarajia 2f1−f2 na 2f2−f1. Kwa kuwa masafa yote manne yanakaribiana, fezi zake karibu hulingana zenyewe, na ndiyo maana hata mifereji yenye mtawanyiko wa kasi huonyesha mchanganyiko huu. Kundi la NTT, kampuni ya mawasiliano ya Japani, limefanya kazi nzuri ya aina hii kwenye utando wa galiamu aseniki unaoning'inia.

Tatizo ni kwamba jenereta mbili zilizounganishwa kwenye kebo moja hupenyezeana ishara, na kila moja huchanganya ndani kwa ndani. Usiziunganishe kabla ya amplifaya. Ipe kila toni amplifaya yake, weka kipunguzi cha desibeli 10 kwenye kila njia kabla ya mahali zinapounganishwa, au bora zaidi ipe kila toni kigeuzi chake juu ya chipu, ili zikutane zikiwa sauti tayari. Kisha rudia kipimo cha kipunguzi baada ya chipu: toni ya pembeni iliyozaliwa ndani itashuka desibeli 10, iliyozaliwa kwenye kipokezi itashuka desibeli 30. Mteremko nao uwe na sura yake: kwa 2f1−f2, kuongeza f1 kwa desibeli 1 hupandisha kwa 2, kuongeza f2 hupandisha kwa 1.

Kwa wenye chipu zilizobandikwa semikondakta, kama ile ya indiamu galiamu aseniki juu ya lithiamu niobeti ambayo watafiti wa Sandia, maabara ya taifa ya Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Arizona waliitumia kuonyesha mchanganyiko mkubwa mno mwaka 2024, kuna jaribio la ziada. Geuza mwelekeo wa mkondo. Elektroni zinazokwenda na sauti kwa kasi kuizidi huikuza. Zinazokwenda kinyume huinyonya. Kama toni zako hazibadiliki unapogeuza mkondo, elektroni hazihusiki.

Dalili: pato halifuati tena ingizo

Umeongeza desibeli 1, pato limepanda nusu. Kabla ya kusema nishati imehamia kwenye harmoniki, fanya hesabu. Upungufu wa desibeli 1 ni asilimia 20 hivi ya nguvu. Asilimia hiyo lazima ionekane mahali. Kama harmoniki ya pili, baada ya kusahihisha ufanisi wa kigeuzi chake, iko desibeli 40 chini ya wimbi kuu, imebeba sehemu moja ya 10,000. Haielezi chochote. Pima amplifaya yako kwenye mzigo wa ohmu 50 badala ya chipu. Mara nyingi utakuta ndiyo imechoka.

Dalili: kilele kinahama ukiongeza nguvu

Kikishuka kwenda masafa ya chini, shuku joto kwanza. Masafa ya kilele kwenye mkato huu hupungua kwa kama sehemu 75 kwa milioni kwa kila nyuzi ya Selsiasi, sawa na kilohezi 15 kwa megahezi 200. Chipu ikipata joto la nyuzi 10 tu, kilele kimehama kilohezi 150. Rusha mapigo yanayowaka kwa asilimia 1 ya muda, bila kupunguza nguvu ya kilele cha pigo. Mhamo ukitoweka, lilikuwa joto. Ukibaki ule ule, umeanza kuona kitu cha kweli. Kwenye utando unaoning'inia, kunyooka kwa utando hupandisha masafa, na kilele huinama upande wa juu kiasi kwamba ukipitia masafa ukipanda unapata mchoro mmoja na ukishuka unapata mwingine. Tunza michoro yote miwili.

Dalili: jana ilifanya kazi, leo imekufa

Iweke chini ya hadubini kabla ya kufanya lolote. Ukiona ncha za vidole zimeyeyuka na kuacha madoa meusi kwenye mianya kati ya vidole vya chaji tofauti, ni cheche. Lithiamu niobeti hujijaza chaji joto lake linapobadilika, na chipu iliyotupwa kwenye sahani ya moto ya nyuzi 150 inaweza kujichoma yenyewe bila hata kuunganishwa na kitu. Ukiona badala yake alumini imeota vinundu na mashimo madogo, hasa pale ambapo mkazo wa sauti ni mkubwa, ni metali iliyohamishwa na mkazo wa sauti yenyewe. Hapo punguza nguvu ya wastani, au tengeneza vidole kwa alumini iliyochanganywa na shaba kidogo, kama viwanda vya vichujio vifanyavyo.

Dhidi ya cheche, pandisha na shusha joto polepole, nyuzi chache kwa dakika, au nunua lithiamu niobeti iliyopunguzwa oksijeni, ile yenye rangi nyeusi, ambayo chaji hutiririka ndani yake kabla haijajilimbikiza. Na kwenye barakoa, unganisha pande mbili za kila kigeuzi kwa ukanda mwembamba wa metali ili zibaki na volti moja wakati wote wa kuoka, kusafisha na kukata. Ukate ukanda huo kwa ncha ya probu siku ya kupima.